Banda la chui lisilo na chui: kisa cha bustani moja pembezoni mwa Arusha

Kituo chenyewe makonda wanakiita Zuu. Hakuna kibao wala banda la abiria, ila ukisema "Zuu, shusha," dereva anakanyaga breki bila kuuliza. Mnyama wa mwisho alishaondoka pale miaka mingi, jina likabaki, na kwa maoni yangu nusu ya matatizo ya bustani hii yalianzia kwenye hilo jina.

Familia yenye eneo sitaitaja, maana mirathi haijaisha na ndugu wenyewe hawasalimiani vizuri. Inatosha kusema ni ekari nne na kidogo, zinazoshuka taratibu hadi mtoni. Marehemu mzee alikuwa na kibali cha kufuga wanyamapori. Aliweka nyani, fisi, chui mmoja, mamba wawili, kobe, na ndege ambao hata wanawe hawakuwahi kuyajua majina yao yote. Shule zilikuwa zinaleta watoto kwa malori. Baadaye gharama za nyama zikamshinda, akaugua, kibali kikaisha, wanyama wakachukuliwa na mamlaka, lango likapigwa kufuli. Zaidi ya miaka kumi eneo likawa kichaka cha wavuta bangi. Kisha mjane na binti zake wakaamua kulifungua upya, safari hii kama bustani ya watu kupumzika: miti, mabenchi, chai, watoto wakimbie.

Mimi kazi yangu ni kufundisha vijana wanaotaka kuwa waongoza watalii. Pale niliingia kwanza kama mteja, na watoto watatu wa dada yangu, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mijakaranda ikiwa imeanza kuchanua.

Kiingilio shilingi 2,000 mkubwa, 1,000 mtoto. Kwenye ukuta wa nje fundi rangi alikuwa amechora simba anayecheka na twiga aliyevaa miwani ya jua. Ndani kulikuwa safi kweli: majani yamefyekwa, mringaringa mikubwa inatoa kivuli, mkuyu mmoja mtoni ambao watu watano hawaukumbatii wakaumaliza. Mabanda ya zamani yalikuwepo pia, lakini yamefungiwa nyuma ya neti ya kijani na bogenvilia iliyoachwa ijiendee. Tulizunguka dakika kumi. Yule mdogo akanivuta suruali.

"Mjomba, simba yuko wapi?"

"Hapa hakuna simba."

"Sasa tumelipia nini?"

Sikuwa na jibu, na mimi ndiye ninayelipwa kuwafundisha wenzangu kujibu maswali ya wageni. Tulipokuwa tunatoka tukakuta vurugu getini. Baba mmoja aliyekuja na watoto sita kutoka Ngaramtoni alikuwa anadai hela yake. Binti wa getini akamwambia kwa upole, "Baba, hii ni bustani, siyo zuu." Yule baba akamshika mkono akampeleka nje hadi ukutani, akamwonyesha simba. "Na huyu ni nani?"

Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu, nikamwamkia mama mwenye eneo, nikajitambulisha. Akaniambia tatizo lake kwa sentensi moja: "Mwanangu, wanakuja mara moja, hawarudi."

Walivyolielewa wao

Kila mtu pale ndani alikuwa na maelezo yake. Mama aliamini watu wa Arusha hawajazoea kulipa hela ili wakae chini ya mti. Binti mkubwa alitaka bembea na yale majumba ya kuruka ya kujaza upepo. Mkwe alitaka baa na nyama choma kule chini karibu na maji, kwa sababu, alisema, hakuna bustani inayojiendesha kwa chai.

Hoja ya mama sikuikubali. Ukienda Themi Living Garden, pale mtoni mjini, utakuta watu wa kila aina chini ya miti, sahani mkononi, na hakuna anayeuliza kwa nini yuko pale. Kivuli watu wetu wanakijua. Ya mkwe ilikuwa na mwiba wa kisheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na alipotaka kuweka majiko unasikia maji yakipita. Ya binti nitairudia, maana hapo mimi ndiye niliyekosea.

Nilichokiona mimi ni kwamba ile bustani ilikuwa na aibu. Mtu akija kwako ghafla unasukuma kochi bovu nyuma ya pazia, kisha mgeni anakaa saa nzima akiliangalia pazia. Ndivyo wageni walivyokuwa wanafanya. Wanapita kwenye majani mazuri, macho yako kwenye neti ya kijani. Jina la kituo limewaambia kuna wanyama, ukuta umewaambia kuna wanyama, neti inawaambia kuna kitu. Halafu hakuna anayewaambia lolote.

Na tusiwalaumu kwa kutaka simba. Mtoto wa Arusha anaona magari ya watalii yakipita kwenda Serengeti na Ngorongoro kila siku ya Mungu, na bado wengi hawajawahi kuvuka geti la hifadhi. Mnyama aliye hai wamemwona kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Njiro, ndani ya kizimba, wakisukumana. Kwao hivyo ndivyo mnyama anavyoonwa.

Wengine walifanyaje

Kabla ya kumshauri mama nilimsimulia habari ya Saanane, kwa sababu ni yetu na watu wengi wa Kaskazini hawaijui. Ni kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Victoria, dakika chache kwa boti kutoka Mwanza mjini. Kimepewa jina la mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi hapo. Mwaka 1964 Serikali ilikifanya zuu ya kwanza ya nchi, ikapeleka wanyama wa kutoka mbali, hata faru. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikapanda kuwa hifadhi ya taifa, iliyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 ukihesabu na maji yake. Wanyama wakali wengi waliondolewa, swala na pimbi wakabaki wanajitembelea. Mtu anayekwenda Saanane leo anapanda miamba, anaangalia ziwa, anakula chakula alichobeba. Akikutana na swala ni bahati yake, asipokutana nao hadai nauli ya boti, kwa kuwa mahali pale pamejieleza tangu mwanzo kuwa ni nini.

Mama akasema, kwa haki kabisa, "Mimi sina ziwa."

Basi nikamwambia ya Los Angeles. Zuu yao ya zamani ndani ya Griffith Park ilifunguliwa mwaka 1912. Mwaka 1966 wakajenga mpya jirani na kuhamisha wanyama. Mabanda ya zamani hawakuyabomoa yote. Yale mapango ya mawe ya kutengeneza waliyokaa dubu na simba, leo yana meza, familia zinaingia na vyakula vyao zinakaa humo ndani. Hapo mama alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga. "Nile mkate ndani ya banda la fisi?" Lakini niliona limemkaa.

Buenos Aires, kule Argentina, niliitaja kwa sababu moja tu. Zuu yao iliyofunguliwa 1888 ilifungwa mwaka 2016 ili igeuzwe bustani ya mazingira, watu wakafikiri ni kazi ya miezi. Tembo wao Mara alisafirishwa kwenda Brazil mwaka 2020. Wanyama wengine walikuwa wazee au hawana pa kwenda. Familia hii ilikuwa imetangulia kwa jambo hilo: wanyama walishaondoka. Kilichobaki ni vyuma, udongo na kumbukumbu, na hivi vitatu walikuwa wanavichukulia kama takataka.

Mzee wa miche

Nje ya lango hukaa mzee mmoja anayeuza miche ya parachichi na migrevilea kwenye makopo ya maziwa. Nilimpita mara mbili bila kumwamkia vizuri, jambo ambalo bado linanisuta. Mara ya tatu, binti wa getini akanidokeza: huyo ndiye aliyekuwa analisha wanyama tangu siku ya kwanza hadi siku ya mwisho.

"Shikamoo mzee. Naomba unionyeshe alipokuwa anakaa chui."

"Marahaba." Hakuuliza mimi ni nani. Aliinuka, akachukua panga.

Ilituchukua kama nusu saa kupasua bogenvilia. Banda lilikuwa la mita sita kwa nne, paa la bati nusu, gogo katikati lenye michirizi ya kucha ambayo mvua haijaifuta. Majani yalikuwa yamefika magotini, isipokuwa sehemu moja. Kando ya waya, kuzunguka pande tatu na kukata kona kwa ndani, kulikuwa na ukanda wa udongo upana wa unyayo na nusu, mgumu kama umesakafiwa, usio na jani hata moja.

"Hapo ndipo alipokuwa anapita," mzee akasema.

"Saa ngapi?"

"Saa zote."

Nilikaa kimya. Chui dume porini anaweza kuwa na himaya ya makumi ya kilomita za mraba. Mnyama anayerudia njia ileile, anageuka palepale, hatua zilezile, siku nzima, ni dalili ya msongo ambayo wanaofanya kazi na wanyama waliofungwa wanaijua sana. Simba na dubu hufanya hivyo, tembo naye huyumba mahali pamoja. Mzee hakuwahi kuambiwa. "Sisi tulidhani anafanya mazoezi," alisema, na akaongeza kwamba marehemu alikuwa akiwaonyesha wageni kwa fahari: tazameni, chui wangu hachoki.

Mtu mbishi atasema majani hayakuota pale kwa sababu paa linazuia mvua. Niliwaza hivyohivyo. Lakini paa limenyooka na njia ile imepinda, na inapinda pale mzee anaposema mnyama alikuwa anapinda.

Hapo ndipo nilipopata jibu la yule mtoto wa dada yangu.

Kazi yenyewe

Ushauri wangu ulikuwa mfupi kuliko mama alivyotarajia. Futa simba ukutani. Andika maneno matano: Zamani zuu, sasa ni bustani. Toa neti. Acha banda la chui lilivyo, ondoa kufuli mlangoni, na mpe mzee kazi Jumamosi na Jumapili, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kwa malipo ya siku.

Utekelezaji ulikuwa na mambo yake, na haya nayaeleza kwa urefu kwa sababu mtu mwenye eneo la namna hii anaweza kuumiza watoto wa watu. Kwanza udongo. Mayai ya minyoo wanaokaa tumboni mwa jamii ya paka na mbwa hudumu ardhini miaka, na mtoto akicheza chini mkono unaenda mdomoni. Kwenye banda la fisi, ambalo tulitaka liwe na mabenchi, tulikwangua udongo wa juu, tukaufukia shimoni mbali na mto, tukamwaga kokoto. Mzee alinuna siku mbili. Alifikiri tunasema alikuwa hafanyi usafi. Kwenye banda la chui hatukuweza kukwangua bila kuiua ile njia, hivyo sharti likawa viatu kwa kila anayeingia, na ndoo ya maji na sabuni nje. Nakiri ni suluhisho nusu.

Pili rangi. Nondo zilipakwa miaka ambayo rangi nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na fundi wetu alikuwa tayari na msasa. Tulimzuia. Zikakwanguliwa zikiwa zimeloweshwa maji, watu wamefunika pua, magamba yakakusanywa kwenye turubai badala ya kuchomwa moto. Waya zilizokatika zilikunjwa ndani. Pepopunda haihitaji kidonda kikubwa.

Bwawa la mamba lilikuwa rahisi. Lilikuwa halikauki kamwe, basi mama akapanda magimbi, na magimbi yakafanya vizuri kuliko kitu chochote kingine pale. Wageni wanapiga picha.

Banda la nyani tulilivunja. Lilikuwa limeoza na vyuma chakavu vililipa vibarua wa wiki mbili. Hili najutia. Watu wazima waliokuja pale wakiwa darasa la tatu wanauliza nyani kabla ya chui, kwa kuwa nyani ndiye aliyewanyang'anya kofia au ndizi, na sasa wanaonyeshwa kitalu cha maua. Ningekuwa nimekaa na mzee mapema ningejua.

Tumbili, kwa upande wao, hawakuhitaji kuhifadhiwa. Wanashuka kutoka kwenye miti ya mtoni kama walivyokuwa wakishuka zamani kuokota mabaki ya chakula cha nyani, na Jumapili ya kwanza walimnyang'anya mtoto chipsi mayai na kumparura. Mkwe akapendekeza mitego. Haiwezekani: ni wanyamapori, mali ya umma, sheria ni ileile hata wakiwa juu ya bati lako. Tulichofanya ni mapipa yenye vifuniko vizito, chakula kuliwa sehemu moja tu, na marufuku ya kuwarushia hata ganda la ndizi. Binti wa getini amefundishwa akitokea aliyeng'atwa au kuparurwa: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Lilikuwepo jambo ambalo hakuna aliyeniita nilitazame. Katika ile miaka kumi ya kichaka, watoto wa mtaa walikuwa wanapita tundu la uzio kwenda kuchota maji na kucheza chini ya mkuyu. Bustani ilipofunguliwa kwa ajili ya watu, tundu lilizibwa. Mwenyekiti wa mtaa alilisema hili mbele ya mama kwa maneno makavu kidogo, na alikuwa na haki. Makubaliano ni kwamba watoto wa mtaa wanaingia bure siku za kazi hadi saa kumi na moja jioni, kwa lango. Wachache bado wanapendelea uzio.

Ilivyokuwa baadaye

Mzee si msemaji mzuri. Anaongea taratibu, anajikohoza, anasahau mwaka. Nilijaribu kumfundisha ninavyowafundisha vijana wangu, jinsi ya kuanza na kumaliza, akanisikiliza kwa adabu kisha akafanya anavyotaka. Anafungua mlango, anasema, "Chui alikuwa anapita hapa. Piteni." Basi. Watoto wanaingia kumi kumi wanafuata ule ukanda, wanacheka mizunguko miwili ya kwanza, wa tatu wanaanza kusukumana, wa nne kuna anayeuliza kama inatosha. Mzee anajibu, "Bado." Halafu maswali yanakuja yenyewe: alikuwa anakula nini, alikuwa na jina, alikufa? Hakufa hapa, anawaambia, alipakiwa kwenye gari asubuhi, na mimi nikampa nyama ya mwisho.

Wakubwa wanachukua njia nyingine. Kuna anayekumbuka twiga wanne waliotoroshwa kwa ndege ya kijeshi kutoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) mwaka 2010 kwenda Qatar, na kesi iliyosikilizwa Moshi. Kuna mzee wa Usa River aliyesimulia wakamataji wa wanyama wa miaka ya 1960, wakati Arusha ilikuwa inapeleka twiga na faru kwenye zuu za Ulaya na Marekani. Mazungumzo hayo yanafanyika kwenye mabenchi ya banda la fisi, chai mkononi, na mimi nikiyasikia najiambia kumbe mkate unalika humo.

Siyo wote wamefurahi. Mama mmoja alimwambia binti wa getini kwamba amelipa ili wanawe wafurahi na wametoka wananyong'onyea. Nilimtetea mzee. Binti mkubwa hakubishana nami. Alinunua kamba na matairi mawili, akafunga bembea kwenye mkuyu bila kuomba ushauri. Nilikuwa nimepinga bembea toka mwanzo nikisema zitaua utulivu wa mahali. Leo foleni ndefu ya pale ndani iko hapo, na wengi wao wametoka kwa chui dakika tano zilizopita.

Ugomvi getini umekwisha. Wanaorudi wapo, mama anawajua kwa sura, mimi sina daftari la kuwahesabu. Mkwe bado anataka baa, sasa anapima hatua kutoka mtoni, amefika hamsini na kitu.

Kufuli la banda la chui tulishaliondoa, komeo tukaling'oa. Kila jioni kabla ya kufungasha miche yake mzee hupita pale, anausukuma mlango, anaufunga kwa kamba ya katani, mafundo mawili. Binti wa getini huikata asubuhi. Nilimuuliza mama kama tumwambie aache.

"Mwambie wewe," akasema.

Sijamwambia.